Mpangaji wetu wa Usumbura aliyemtania mama yangu kwa Kiingereza

Wakuu, shikamoo natoa kwa wakubwa zangu, na humu sidhani kama wamo. Nyie wengine leteni yenu, nimekaa naisubiri.

Mimi nasema, mjukuu wangu anachapa. Nimemwonya asiongeze chumvi. Ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu, Kariakoo, miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo.

Mama yangu alikuwa mjane, Mzaramo wa Kisarawe, anapangisha vyumba. Mdomo mkali, roho safi. Mimi binti nimemaliza shule juzi juzi, naringia Kiingereza changu cha darasani.

Akaja mpangaji anaitwa Lorenti, mwanafunzi wa ufundi kutoka Usumbura, siku hizi mnaita Bujumbura. Shule yao ilimleta afanye mazoezi karakana ya treni, pale Gerezani.

Kwao walitawaliwa na Mbelgiji, kwa hiyo kasomeshwa Kifaransa. Kiswahili chake cha ziwani kinaeleweka. Kiingereza, hola! Na Mzungu aliyekuwa akimsimamia alishamwambia: asipokijua, anarudi kwao bila cheti.

Masikini, hakuwa na rafiki hata wa dawa. Akitoka kazini anajifungia chumbani.

Jioni moja mama akamuuliza, "Wewe ulikuja na treni?"

"Ndiyo, mama."

"Ikapita Tabora?"

"Ilipita."

"Basi wewe Mnyamwezi. Mtani wangu."

Vijana msiojua: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi. Mtani anakutukana mbele za watu, na kununa ni marufuku. Hata msibani mtani hazuiwi. Watu wanalia, yeye anachekesha, na ni wajibu wake.

Sasa Lorenti nani kamfundisha hayo? Kesho yake mama kamkuta uani ananawa uso. "Mpagazi we! Rudi kwenu, umetujazia harufu ya bara!"

Kijana akaingia ndani. Akatoka na sanduku lake limefungwa, machozi yanamlenga, anatuomba radhi kwa harufu. Jamani! Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Tulipomweleza, mama akampa sharti. "Nitukane na wewe. Tena kwa hicho Kiingereza unachokitafuta. Mwanangu atanitafsiria."

Akafikiri weee. "You are old."

"Mama, anasema umezeeka."

"Mwambie hilo si tusi, hiyo ni habari. Arudi shule."

Ndiyo ikawa kazi yetu kila jioni barazani. Yeye anatukana, mimi natafsiri, mama anatoa hukumu. Tusi likiwa bovu, ananyimwa kahawa mpaka alete lingine.

Kwa kuogopa kushindwa, Lorenti akaanza kuwauliza mafundi wenzake kule karakana. Nao wakampa maneno, wengine wakawa wanakuja wenyewe jioni kusikia kama tusi limempata mama. Baraza likajaa. Yule aliyekuwa akijifungia ndani, sasa anaitwa kutoka mtaa wa pili. Na Kiingereza kikanyooka, mpaka nikaanza kukosa maneno ya kumtafsiria.

Kisha mama akaugua. Homa tu, tukasema itapita. Haikupita.

Siku ya kumzika, kule karakana Lorenti alimwendea Mzungu wake, akamweleza kwa Kiingereza safi kwamba amefiwa, na kwamba mtani asipofika msibani ni aibu. Mafundi walioshuhudia waliniambia hakukwama hata neno moja. Mzungu alimwelewa vizuri sana.

Akamkatalia. Ruhusa ni ya msiba wa ndugu wa damu.

Kumbe tatizo halikuwa Kiingereza.

Lorenti akaja hivyo hivyo, na nguo za kazi zenye grisi. Wanaume wamekwisha kuinua jeneza, wanataka kutoka. Akasimama mlangoni, akatanua mikono.

"Old woman, get up! So lazy! Who will make my coffee?"

Hakuna aliyeelewa. Naye hakuondoka, alikuwa ananitazama mimi, anasubiri. Matusi yake ya Kiingereza mama hakuwahi kuyasikia bila mimi.

Nikalisogelea jeneza, wakuu.

"Mama, anasema uamke. Mvivu we. Kahawa yake nani atampikia?"

Wakacheka. Shangazi zangu waliokuwa wakigaragara walicheka, halafu kilio kikaanza upya, kikubwa kuliko cha kwanza. Lorenti akashusha mikono, akapisha njia, akaingiza bega chini ya jeneza.

Wiki ile ile wakamrudisha kwao. Hakupewa cheti. Stesheni aliniambia kitu kwa Kiingereza kuhusu Wazaramo na nazi zao, na mimi kwa mazoea nikageuka nyuma nimtafsirie mama. Hapo ndipo nilipolia kilio changu cha kweli.

Sijamsikia tena mpaka leo.

Nilichojifunza: mgeni akija kwenu, mtafutie nafasi ya kutaniwa. Lugha itamfuata yenyewe. Mengine yako mikononi mwa wakubwa, na wakubwa mnawajua.

Haya, uwanja wenu. Wanyamwezi mliomo humu, nitukaneni mnavyotaka, mjukuu atanisomea. Nyumba imenyamaza mno.