Kisiwa Kilichopakwa Kijani

Zubeiri wa kisiwa cha Chovai ni fundi wa mashua, na kazi yake inasifiwa hadi Burgao, ng'ambo ya bara. Lakini mwaka huu shoka halimkai mkononi. Yeye ndiye aliyewakaribisha watafiti.

Walikuja wanne na kisanduku cha kupimia mawimbi ya simu. Serikali ilitaka kujua ni visiwa vipi vijengewe minara. Zubeiri akawapikia pweza wa nazi, akawatandikia mikeka penye upepo, juu ya kilima nyuma ya msikiti. Hapo ndipo mahali pekee kisiwani ambapo simu hushika, tena asubuhi tu. Wageni wakala, wakapima papo hapo, wakashukuru, wakaenda zao.

Baada ya miezi mitano habari ikafika: Chovai haihitaji mnara.

"Ungewalisha huku jikoni, wangeona simu haishiki!" mkewe Safiyya akamsuta.

"Mchu mgeni humweka jikoni?" Zubeiri akauliza; mchu kwao ni mtu.

Binti yao Fathiya alikuwa na mimba ya miezi minane. Uzazi wa kwanza uchungu ulimshika jioni. Simu ya kumwita mkunga wa Burgao ikagoma mpaka kulipokucha, na mtoto hakuishi.

Zubeiri akasafiri hadi Kismayo. Kijana wa ofisini akampa kiti, akamwonyesha ramani ukutani. Chovai ilikuwa kijani tupu, rangi ya penye mtandao.

"Adeer, kipimo hakisemi uongo," akamwambia, kwa heshima ya Kisomali apewayo baba mdogo.

"Hakisemi, mwanangu. Kilipima kilimani. Binti yangu hazalii kilimani."

Kijana akacheka, kisha akaona haya. "Andika barua. Ila masafa ya mawimbi yamekwisha kugawiwa visiwa vingine, na utafiti mwingine ni baada ya miaka mitano."

"Mimba haingoji miaka mitano."

"Najua, adeer. Mimi sina kalamu ya kubadilisha rangi ile."

Zubeiri akatoa simu. Hapo Kismayo mtandao ulijaa tele. Akampigia Fathiya nyumbani, akaweka sauti ya juu ili kijana asikie. Sauti ya mwanamke ikasema nambari hiyo haipatikani.

"Labda kaizima," kijana akanong'ona, bila kumtazama usoni.

Zubeiri akapiga tena. Akapiga tena.