Selotepu ya Mwalimu

"Ejok, fundi. Hii laptopu imekataa diski mpya," alisema mwalimu mmoja kutoka Kaikor, akisalimu kwa Kiturkana na kuiweka mezani kwa mikono miwili kama anayelaza mtoto mgonjwa.

Nilikuwa kwenye kibanda chake fundi wa kompyuta huko Kakuma, nikingoja chaja yangu itengenezwe. Diski ya zamani ilikuwa imejaa, kwa hivyo mwalimu akanunua kubwa zaidi na kuipachika mwenyewe. Jumatatu wazazi wanakuja kuchukua ripoti, na alama za shule nzima zimo kwenye laptopu hiyo.

Fundi, Msudani Kusini asiye na haraka, alirudisha kwanza diski ya zamani. Laptopu ikawaka. Akaweka ile mpya, skrini ikasema haioni diski yoyote. Akaichomoa, akaielekeza kwenye jua, akaikwaruza kwa ukucha pale penye meno ya kushikia umeme. Utepe mwembamba ukabanduka.

"Mwalimu, umeweka nini hapa?"

"Selotepu. Nimezungusha yote. Si unajua vumbi ya huku?"

"Vumbi haikuingia," fundi akasema bila kucheka. "Umeme pia haikuingia."

Akaifuta kwa spiriti, akairudisha, na diski ikaonekana. Benchi zima lilicheka, mimi nikiongoza.

Jioni, nyumbani Lodwar, rimoti ya televisheni ilikataa tena. Nikawa naipigapiga kiganjani, nikilaani betri kama kawaida yangu, ndipo nikaitazama vizuri. Bado imo ndani ya nailoni ya dukani, tangu siku tuliyoinunua, isiingie vumbi.