Salamu Ingoje Pedali Ipande

Siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, ni ile niliyomnyima salamu mama wa kijana niliyetaka anioe. Nilimnyima asubuhi kweupe, uani kwetu Murungu, mikono yangu ikiwa myeusi kwa vumbi la breki. Nakusimulia leo kwa sababu nimesikia umenunua gari, na umetangaza kwamba pedi za breki utabadilisha mwenyewe hapo nyumbani. Vizuri sana. Wanaokutisha waache waseme. Kazi hiyo inafanyika, na mimi niliifanya nikiwa msichana, kitenge kiunoni.

Baba yangu alikuwa na pikapu ya kubebea maharage na muhogo kwenda Kasulu, na mara nyingine hadi Manyovu mpakani. Hakujaliwa mtoto wa kiume, basi akanifundisha mimi bila kumwomba mtu ruhusa. Alinifundisha kuegesha mahali tambarare na kuzuia magurudumu kwa mawe, kulegeza nati kabla ya kupiga jeki, na kuweka gogo chini ya chasisi maana jeki peke yake haiaminiki. Kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, alinikataza kukiacha kikining'inia kwenye mpira wake wa mafuta. Tulikifunga juu kwa waya. Pistoni yake, ile inayosukuma pedi ibane diski, tuliirudisha nyuma polepole ili pedi mpya, ambazo ni nene, zipate nafasi. Na ukibadilisha upande mmoja unabadilisha na wa pili, hata kama unauona bado mzima.

Lakini sheria yake kubwa ilikuwa nyingine. Ukishasukuma pistoni, huinuki kwa ajili ya mtu yeyote mpaka ufunge kila kitu, kisha ukanyage pedali ya breki tena na tena hadi ipande na kuwa ngumu mguuni. Kabla ya hapo gari halina breki, ingawa kwa macho limekamilika. Sheria hiyo aliipata kwa aibu. Zamani alikuwa katikati ya kazi hiyo hiyo, akapita katekista wetu, naye akainuka kumsalimia. Unazijua salamu zetu Waha: makofi yanapigwa taratibu, unaulizwa nyumba, watoto, shamba na mbuzi, nawe unauliza vyote hivyo, kisha mgeni unamsindikiza hadi njiani. Baba aliporudi alikumbuka kufunga gurudumu, akasahau pedali. Aliposogeza gari, lilimshinda mteremkoni likaingia jikoni kwa jirani. Mwenye jiko alikuwa amekwenda kuteka maji, ndiyo maana hatukuzika mtu.

Sasa asubuhi yangu ilikuwa hivi. Baba alikuwa shambani, pistoni nilikwishazisukuma, na mama yake Yohana, yule kijana niliyemtaka, akaingia uani akitokea kwao Busunzu. Hakuwa ametuma taarifa. Alikuja kunitazama, kama akina mama wanavyokuja kumtazama binti kabla hawajakubali. Alisimama mbele yangu akingoja niinuke, kwa sababu kwetu mdogo ndiye anayeanza kumsalimia mkubwa.

"Mama, nisamehe," nilisema nikiwa chini pale pale. "Gari hili sasa hivi halina breki. Nikimaliza nitakuja kukusalimia kwa magoti."

Aliniangalia toka kichwani hadi miguuni. "Kwetu Busunzu mtu ni mkubwa kuliko gari," akasema, akaingia ndani.

Mama yangu alitoka akaninong'oneza kwamba nimeivunja ndoa yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Niliumia, sikufichi. Nilimpenda Yohana hata chakula kilikuwa hakipiti nisipopata habari zake. Lakini sikuinuka. Nilimaliza upande wa pili, nikafunga magurudumu, nikashusha jeki na kukaza nati, nikakanyaga pedali ikazama, nikakanyaga tena na tena mpaka ikanigomea. Nikaliendesha gari polepole hapo uani nikipima, likasimama kila nilipotaka. Ndipo nikanawa, nikaenda kupiga magoti na makofi yangu yote. Alinijibu kwa neno moja, akageukia ukutani.

Baba aliporudi, mgeni alimweleza yote. Baba hakunitetea wala hakunigombeza. Aliniuliza kama pedali imepanda, nikasema imepanda, akanipa ufunguo na kuniambia nimrudishe mgeni kwao. Mama huyo alitaka kukataa, ila jua lilikuwa limeshakuwa kali.

Kwenye mteremko wa kushukia darajani, baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi ilichomoka kwenye njia ya pembeni ikaanguka mbele yetu pamoja na mwenyewe. Nilikanyaga. Pikapu ilisimama, yule mtu akawa anaokota ndizi zake karibu na bampa letu huku akitutukana sisi. Mama yake Yohana alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

"Hizi ndizo breki ulizokuwa unazifunga?" aliniuliza.

"Ndizo, mama."

Nikamfikisha Busunzu. Alishuka, akaja upande wangu, akapiga makofi taratibu. "Mwakeye, mwanangu," akaanza yeye, mkubwa, kwa salamu yetu ya asubuhi, kama vile ndiyo kwanza tumeonana. Akauliza baba yangu, mama yangu, shamba letu, mbuzi wetu, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikajibu huku machozi yakinitoka, maana nilijua amenikubali.

Kwa hiyo mwanangu, fungua hizo breki bila woga. Pedi zisiguswe na grisi, watoto wakae mbali, na nati usiyoielewa mwite fundi aione. Lakini ukishasukuma pistoni, usiinuke. Kwako wewe mgeni atakuwa ni simu, na itaita katikati ya kazi. Iache iite. Akija mkubwa wako, mwombe radhi ukiwa hapo hapo chini, umalize, kisha umpe heshima yake yote bila kuipunguza. Mwenye akili atakuelewa, na asiyekuelewa leo mwache anune akiwa mzima.

Mungu akupe njia njema, mguu wako ukikanyaga ukute kitu, na kila unayempakia umfikishe kwao.