Nyuki Wangu Walimuuma Bwana Arusi, Nami Nikamsingizia Janaba

Kosa ni langu. Nalitaja mwanzo ili msije mkafika katikati mkaanza kuwalaumu nyuki. Niliivunja ndoa ya mdogo wangu wa kike, na niliivunja kwa mdomo wangu, baada ya nyuki kumaliza kazi yao. Mhariri, jina langu usiliweke. Wa huku kwetu watanijua tu, na wengine hawana haja nalo.

Mimi ni mzee wa Mafia, upande wa kaskazini, njia ya kwenda Ras Mkumbi. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa kijana niliyemaliza kidato cha nne, na kijiji kizima wa namna hiyo nilikuwa peke yangu. Jambo hilo lilinidhuru sana. Ikija barua, nasoma mimi. Redio ikiharibika, naletewa mimi, ingawa sijui lolote la redio.

Siku moja bwana nyuki wa serikali akaja kutoka Kilindoni na mizinga ya mbao na kijitabu. Alitufundisha asubuhi moja tu, akapanda gari akaondoka. Kijitabu nikapewa mimi. Kilisema wazi: mzinga ukae mbali na nyumba na njia, na mlango wake usielekee wanakopita watu. Mkutano ukaamua mizinga yote ikatundikwe kwenye mikorosho ya kijiji, mwendo wa nusu saa.

Mmoja nikauchukua nyumbani. Nilisema ni kwa uchunguzi. Ukweli ni kwamba nilipenda asali, na zaidi ya asali nilipenda watu wapite waseme, "Yule msomi anafuga nyuki kama kuku." Nikautundika upenuni nyuma ya jiko, mlango ukitazama uani.

Yapo niliyoyafanya sawasawa, hayo yachukueni. Kamba za mzinga nilizipaka grisi ili siafu wasishuke nazo. Niliweka chombo cha maji chenye vijiti ndani, nyuki wakinywa wasizame. Moshi nilitumia makumbi ya nazi, maana moshi wake ni mpole, hauwachomi. Miezi kadhaa ikapita hawajamuuma mtu. Walimuua mbuzi mmoja wa mama, lakini mbuzi yule alikuwa na tabia zake.

Kichwa kikanivimba. Nikaanza kuhubiri mikutanoni.

"Watazameni nyuki," nikasema. "Wanafanya kazi pamoja, wanakula pamoja, hakuna tajiri wala maskini. Huu ndio ujamaa wenyewe."

"Na yule malkia anayekaa tu akilishwa?" akauliza Mwenyekiti wetu, mvuvi wa pweza asiye na maneno mengi.

"Huyo ni uongozi," nikamjibu.

"Aa. Basi kweli, ni ujamaa."

Watu walicheka sana. Mimi nikadhani wamenielewa.

Sasa niwaambie habari ya Mwanahawa, mdogo wangu. Baba alikwisha kufariki, kwa hiyo walii wake, wa kumwoza, nilikuwa mimi. Aliposwa na Shamte, fundi wa mashua, mtu wa upande wa Kilwa aliyekuja kuunda mashua ya kijiji. Mwanahawa alimtaka. Hakulisema, ila kila siku alipita pwani kumpelekea fundi chai ambayo fundi hakuiomba. Nikakubali, siku ikapangwa.

Wiki moja kabla ya shughuli mama akaniita. "Baba, hao wadudu waondoe. Nitapokea wageni wa watu hapa."

"Mama, hao wana nidhamu kuliko wanakijiji."

"Nidhamu gani? Mbuzi wangu yuko wapi?"

Sikuuondoa. Tena nikafanya kubwa kuliko hilo. Asubuhi ya harusi nikaona itapendeza wageni wakila mkate wa kumimina na asali mbichi ya nyumbani. Kijitabu kilisema asali irinwe jioni jua likipoa, moshi utangulie taratibu, na masega mengine waachiwe wenyewe. Mimi nilirina saa tatu asubuhi, jua kali, moshi kidogo kwa haraka, nikakata masega yote. Nikafunika mzinga, nikanawa mikono, nikavaa kanzu. Nyuki walibaki wakinguruma mle ndani kama injini. Nikasema watatulia.

Ndoa ilikuwa baada ya alasiri, uani. Nanyi mnajua mgeni wa harusi anavyopokewa huku kwetu: anafukizwa udi, ananyunyiziwa marashi. Kwa bwana arusi shangazi zetu hawakunyunyiza, walimwaga. Kanzu ilimganda kifuani. Wakamfukiza ndani ya joho mpaka akakohoa, wakamvika asumini shingoni.

Kijitabu changu kilikuwa na sentensi moja juu ya hilo: nyuki hukasirishwa na manukato makali. Nilikuwa nimeisoma. Nilikuwa nimeipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye ndiye aliyekuja kufungisha, alimaliza hotuba ya ndoa. Akaniambia nimshike Shamte mkono. Nikamshika. Nikasema, "Nimekuoza," na hapo nyuki wa kwanza akatua kwenye asumini.

Yaliyofuata sikuyaona yote, maana nilikuwa nakimbia. Mwenyekiti alijiviringisha ndani ya jamvi na kulala kama mzigo. Ami yake Shamte, mzee wa heshima aliyevuka bahari kwa ajili yetu, aliingia kwenye banda la kuku. Shamte alikimbilia pwani na kundi zima nyuma yake, akazama mpaka shingoni, joho likielea pembeni. Mimi nilikuwa ndani ya pipa la maji ya kupikia.

Mwalimu alikuwa amejifungia ghalani. Mtu mwenye msimamo yule. Akapaza sauti kutoka humo: "Walii yuko wapi?"

"Nimo kwenye pipa."

"Ulikuwa umefika wapi?"

"Nimekuoza."

"Umemwoza nani? Hukumtaja. Bwana arusi ajibu wapi, baharini? Ndoa haijafungwa. Tutaanza upya wakitulia."

Basi kila kitu kilikuwa bado kinaweza kutengenezwa. Hilo ndilo linaloniuma. Jua lilipokaribia kuzama nyuki walirudi mzingani, watu wakatoka walikojificha, tukaketi tena uani. Shamte uso wake ulikuwa umevimba, jicho moja halionekani. Alikuja hivyo hivyo, akaketi, akasubiri. Alichotaka ni kuoa tu.

Ami yake akaniuliza kwa upole, manyoya ya kuku bado kofiani: "Shemeji yetu, hawa nyuki ni wa nani?"

Ningesema "wangu," tungesameheana tukafunga ndoa. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, mimi msomi wao. Nikasema, "Wa kijiji."

Mwenyekiti alikuwa na mdomo kama nyanya. "Wa kijiji wako mikoroshoni," akasema.

Nikahisi nimebanwa. Kuna maneno ya wazee huku kwamba nyuki humfuata mwenye janaba, mtu aliyelala na mwanamke asioge. Sikuyaamini hata siku moja. Nikayachukua hayo hayo nikayatamka mbele ya watu.

"Nyuki hawamwendei mtu mwenye tohara, aliyeoga akatakata," nikasema. "Mbona wamemwacha kila mtu wakamfuata yeye? Mbona mimi sikuumwa?"

"Ulikuwa ndani ya pipa," akasema Mwenyekiti.

Hakuna aliyecheka. Shamte alinitazama kwa lile jicho moja. "Shemeji, leo nimeoga mara tatu," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayejitetea kwa mama yake.

Ami yake akasimama, akakung'uta kanzu. "Tumekuja kuoa. Hatukuja kupimwa tohara na wadudu. Shamte, inuka."

Shamte hakuinuka mara moja. Alinisubiri. Nadhani alinipa nafasi ya kutosha kabisa. Nikatazama chini, naye akainuka. Mashua ya kijiji aliiacha haijamalizika, mbavu nje, na Kaskazini hakurudi tena.

Tangu hapo kijiji kiliniita Bwana Tohara, na wapo wanaoniita hivyo hadi leo. Mzinga niliupeleka mikoroshoni kesho yake. Mwanahawa alikaa nyumbani miaka mingi. Wachumba waliogopa, wakisema nyumba ile ina mambo. Mwishowe aliolewa Miburani na mtu mzima aliyefiwa na mkewe, wakaishi vizuri kiasi chao.

Mwaka jana nilimfuata huko Miburani. Yeye sasa ni bibi, anasuka ukili wa mkeka barazani. Nikamwambia yote: asali niliyorina saa tatu, ile sentensi ya kalamu nyekundu, ule uongo wa janaba. Hakuacha kusuka.

"Nilikuona, kaka," akasema. "Dirisha la chumba walichonificha lilitazama nyuma ya jiko. Nilikuona unakata masega, unalamba vidole."

"Na maneno yangu uani?"

"Niliyasikia yote."

"Mbona hukutoka ukanisuta? Watu wangekuamini."

Hapo ndipo alipoweka ukili chini. "Nilikuwa bibi arusi. Nimefunikwa kanga, nimekatazwa kusema, nimekatazwa hata kuinua macho. Siku ile msemaji wangu ulikuwa wewe."

Ndugu zangu mnaotaka kufuga nyuki nyumbani, fugeni, ni kazi nzuri. Mzinga uwe mbali na njia. Mifugo isifungwe karibu. Rineni jioni, kwa moshi wa kutosha, muwaachie chakula chao. Mkiwa na shughuli ya watu, yenye udi na marashi, msiwaguse kabisa wiki nzima. Na wakimuuma mgeni wako, mwambie usoni kwamba ni wako na wewe ndiye uliyewakasirisha. Mwambie hapo hapo, angali ameketi anakusubiri. Mimi nimekuja kuyasema sina meno mdomoni, kwa mtu aliyekuwa akiyajua tangu siku ile.