Dada mwenye figo

Jumatatu nilimpeleka mwanangu kliniki hapa Musoma. Kwenye benchi letu alikaa mzee mmoja wa Kiriba pamoja na dada yake, aliyefika asubuhi hiyo kutoka Kibara. Daktari alitoka na fomu mkononi.

"Mzee, mshipa mkubwa wa tumboni umevimba. Ukipasuka, huponi. Kule India walikokuwekea figo wanakusubiri, nawe hutaki kusaini."

"Figo ni ya dada," alisema mzee. "Nilioa kwa ng'ombe wa mahari yake, na hata hao sikuwachinjaga bila kumuuliza. Nilikuwa namngoja."

Dada alimgeukia daktari. "Mkimpasua tumbo, figo yangu itapata damu?"

"Hawapasui tumbo, mama. Wanapitisha mrija pajani mpaka ndani ya mshipa. Damu inapita humo, inafika kwenye figo."

"Na asipokwenda?"

"Atakufa nayo."

Dada alimpiga kaka yake kofi dogo begani. "Mjinga wewe! Nilikupa uishi, si unitunzie." Akachovya kidole gumba kwenye wino, akakibandika kwenye fomu.

"Mama, hapo ni pa mgonjwa!"

"Basi na mimi ni mgonjwa. Si nimo humo?"

Daktari alicheka, akamwonyesha mzee pa kusaini, chini ya dole la dada.

Nilipofika nyumbani Kigera, nilimkuta wifi yangu jikoni akikosoa ugali niliouacha. Mimi pia niliolewa kwa ng'ombe wake. Siku hiyo sikununa, nilimwongezea samaki.