Pindo la Bi Pindo

Bi Pindo alikuwa fundi cherehani mwenye ubishi wa kuzaliwa nao. Nguo ya mtu yeyote, awe bibi harusi au mtoto wa chekechea, hakuimalizia mezani. Aliacha sehemu ya pindo la chini wazi mpaka mwenyewe aivae, na viatu vyake vya siku hiyo, asimame wima, ndipo yeye apige magoti na sindano ya mkono. "Nguo haijui urefu wa mtu aliyekaa," alisema. Wateja walilalamika, wakaondoka, wakarudi. Jina hilo la Bi Pindo walimpa wao.

Chumba chake cha uani alikuwa amempangisha mwanafunzi wa chuo aliyetoka nchi ya mbali, binti mpole kiasi kwamba majirani walimwita Kimya. Wanafunzi wa kigeni walipoandaa tamasha lao la mataifa, Kimya alileta kitambaa cha bluu na picha ya vazi la kwao kwenye simu. Bi Pindo hakuiamini picha. Akataka apigiwe mama mzazi wa binti, wakajadiliana mikono na shingo, Kimya akitafsiri, na mwishowe wale mama wawili wakawa wanacheka tu bila kuelewana neno.

Asubuhi ya tamasha binti aliingia jikoni macho mekundu.

"Mama, mimi siendi."

"Huendi, na mgongo wangu nimeuvunja kwa nguo yako?"

"Wenzangu wako wengi wengi. Kutoka kwetu niko peke yangu. Nitapita pale mbele kama mtu aliyepotea, watu wanionee huruma."

Bi Pindo hakujua kubembeleza. Hata mwanawe wa kumzaa alimbembeleza kwa kumwongezea chakula. Lakini lile "peke yangu" lilimchoma, maana mwanawe huyo naye alikuwa ughaibuni, na kila akipiga simu alisema, "Niko sawa, mama," basi. Kama huko kuna mtu wa kusimama naye, mama mtu hakuwahi kujua, na jambo hilo lilimnyima usingizi.

"Kunywa chai," alisema. "Pindo langu nitalimalizia huko huko."

Ukumbi wa chuo ulikuwa umefurika. Nyuma ya jukwaa makundi yalijipanga, huku wanapigana picha, kule wanafungana vilemba. Bi Pindo alipiga magoti nyuma ya Kimya, magoti yakalia, akaanza kushona. Hajafika mbali, mshereheshaji akaitaja nchi ya binti.

"Mama, kata uzi!"

"Mkasi nimeusahau nyumbani."

"Kata kwa meno!"

"Meno gani? Haya yaliyobaki ni ya kutafunia."

"Sasa tutafanyaje?"

"Tembea, mwanangu. Niko nyuma yako."

Basi wakatoka hivyo hivyo: mbele binti ndani ya bluu, nyuma bibi mwenye gauni la kazini na kandambili, ameinama, pindo mkono huu, sindano mkono huu. Ukumbi uliangua kicheko. Mshereheshaji naye hakuiacha nafasi ipite.

"Na wewe mama, unatoka nchi gani?"

"Hiyo hiyo uliyoitaja!" Bi Pindo alijibu bila kuinua kichwa.

Makofi yalilipuka. Kimya, ambaye mwaka mzima hakuna jirani aliyewahi kumwona meno, alicheka mpaka mabega yakatikisika, akamaliza jukwaa lote kidevu kikiwa juu.

Waliposhuka, alimgeukia Bi Pindo akamkumbatia kwa nguvu. Kitu kigumu kikamchoma kifuani. Akarudi nyuma, akatazama. Ulikuwa mkasi, umening'inia shingoni kwa utepe, ndani kidogo ya gauni, mahali ulipokuwa kila siku tangu amjue mama huyu.

"Mama, si huu hapa?"

"Ndio huo."

Machozi yakaanza kumtiririka binti. Bi Pindo alishapiga magoti tena.

"Usinilowanishie kitambaa," alisema. "Simama wima, nimalizie pindo."