Togwa ya Jumamosi

Gururu! Sauti ile ya tumbo lake Lukresia aliikumbuka wiki nzima. Ilimtoka ukumbini, kwenye yoga, wote wameinama kichwa chini na kimya kimetanda.

"Dada, umeingia na pikipiki?" Beata wa mkeka wa jirani alinong'ona, na wanawake wakaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. "Uje na tumbo tupu, dada. La sivyo huo mgongo hautapona."

Mgongo ndio uliomleta, maana fundi cherehani bila mgongo hana kazi. Lakini kila Jumamosi asubuhi mama mkwe wake humletea kata ya togwa, uji mwepesi mtamu, na kwao mkwe harudishi kata ikiwa na kitu. Siku ile alikuwa ameimaliza. Kichefuchefu kilimpanda, akaishia kulala pembeni wenzake wakijinyoosha.

Jumamosi iliyofuata kata ikaja tena. Lukresia akapiga goti, akaipokea kwa mikono miwili, akanywa funda moja, akaitua.

"Mbona hunywi? Imechacha?" mama mkwe akauliza.

"Ni tamu, mama," akajibu kwa sauti ya chini mno. "Naomba unitunzie, nikirudi kutoka yoga tuinywe wote."